Zamani Nguo Ilikuwa Mshahara, Leo Ni Kiingilio: Safari ya Vazi la Usaili Kanda ya Ziwa

Mtaani kijana akivaa akapendeza anaambiwa amepiga pamba. Kwa Mwanza msemo huo una utani ndani yake. Huu ni ukanda ambao kwa miaka mingi umelima pamba yenyewe, ya shambani, inayochumwa kwa mkono, ikafungwa marobota na kupakiwa kwenda kwingine. Na leo mhitimu wa Malimbe akipigiwa simu kuitwa kwenye usaili, kitu cha kwanza kinachompandisha presha siyo maswali. Ni pamba. Avae nini, aipate wapi, na kwa hela gani?

Wengi wanadhani huo ni mtihani wa kizazi hiki, cha picha za mitandaoni na mashati ya kubana. Wapi! Kando ya Ziwa Victoria watu wamekuwa wakijiuliza kuhusu nguo na kazi kwa zaidi ya miaka 150. Kila kizazi kilikuwa na vazi lake la kuombea kazi, na kila vazi lilikuwa na bei yake. Tena ukiifuata historia hiyo unakutana na jambo la kushangaza: zamani mwajiri ndiye aliyetoa nguo kwanza, kazi ikafuata. Leo anayetafuta kazi ndiye anayetoa nguo kwanza, na kazi yenyewe huenda isije.

Mtumba wa kwanza ulibebwa begani

Neno mtumba halikuanza na makoti ya Ulaya. Karne ya 19, mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa kipimo cha mpagazi mmoja, uzito wa karibu kilo 30, kwa safari ya kutoka pwani kwenda bara. Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliokuwa wakisifika kwa kazi hiyo. Speke alipofika upande huu wa ziwa mwaka 1858, na Stanley alipofika Kageye mwaka 1875, nyuma yao kulikuwa na mistari mirefu ya watu waliobeba mitumba.

Ndani ya mtumba kulikuwa na nini? Kubwa lilikuwa merikani, kitambaa cha pamba cheupe kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, Marekani, na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Jina linajieleza lenyewe. Kulikuwa pia na kaniki, kitambaa cheusi cha buluu kutoka India. Nguo hizo ndizo zilizokuwa pesa. Zilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Msafara ukifika kijijini, posho ya mpagazi ilikatwa kwenye robota, naye akaenda kubadilisha na mtama au kuku.

Mpagazi huyo hakuwa na usaili wa kukaa kwenye kiti. Aliangaliwa mabega, akaangaliwa miguu, basi. Alikuja na alichonacho mwilini. Upande wa Usukuma wengi walivaa ngozi. Upande wa magharibi wa ziwa, Buhaya na Buganda, lilikuwepo vazi la gome la mti lililopigwa kwa nyundo ya mbao mpaka likalainika kama kitambaa. Ufundi huo bado upo Uganda, na UNESCO imeuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia wa mambo yasiyoshikika.

Lakini mpagazi alirudi nyumbani na doti zake. Na doti ile iliongea. Ilisema: huyu amefika pwani, amerudi hai, na ana mali. Nguo ilikuwa mshahara wake na wasifu wake kwa wakati mmoja. Akitafutwa mtu wa safari ijayo, wa kwanza kufikiriwa ni yule ambaye kitambaa chake kinaonyesha amewahi kwenda.

Hapo ndipo kanuni ya kwanza ilipozaliwa, na haijafa mpaka leo: nguo inayokusaidia kupata kazi ni ile inayoonyesha kwamba kazi umeshaifanya.

Kanzu, kaki na stokingi

Wajerumani walijenga boma Mwanza miaka ya 1890, na mwaka 1898 kodi ya nyumba ikaanza kukusanywa katika koloni lao. Kodi ilitaka fedha, fedha ilitaka ajira. Ghafla kukawa na aina mpya ya mtu mjini: karani. Wengi wa makarani wa mwanzo walitoka pwani, wanajua kusoma na kuandika Kiswahili, na walivaa kanzu nyeupe na kofia. Kwa kijana wa Nyamagana aliyewaona wakiingia na kutoka bomani, somo lilikuwa wazi. Wanaokaa kivulini na kushika kalamu wanavaa hivi.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa zikaanza kuvuka ziwa kwa meli hadi Mwanza na Bukoba. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikaingia Mwanza. Pamoja na mizigo zikaja cherehani, maduka ya Wahindi, na mafundi wa barazani. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kupimwa na kushonewa nguo inayomkaa mwilini.

Chini ya Waingereza vazi la ofisini likabadilika. Sasa ni shati jeupe lililochomekewa, kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka mkunjo unasimama wima, na stokingi ndefu zinazofika chini ya goti. Kaptula hiyo ilikuwa na maneno yake. Kwa bwana wa Kizungu lilikuwa vazi la nchi ya joto. Kwa mtumishi Mwafrika ilikuwa sare iliyomkumbusha kwamba hata akiwa na wajukuu bado ataitwa boi. Ndiyo maana suruali ndefu ilipoanza kuvaliwa na walimu na makarani Waafrika, haikuwa fasheni tu. Ilikuwa ni kudai utu uzima.

Aliyetoka kijijini kwenda kuomba kazi mjini alihitaji vitu viwili: barua ya mwalimu au padri, na viatu. Barua ilikuwa bure. Viatu havikuwa bure. Wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wamewasimulia wajukuu zao habari za kutembea peku njia nzima na viatu mkononi, kisha kunawa miguu karibu na ofisi na kuvivaa hapo. Vijana wakisikia wanacheka. Lakini yule anayepanda daladala ya Igoma na ndala miguuni, moka amezifunga kwenye mfuko wa plastiki zisishike vumbi, anafanya kitu kilekile.

Shati safi kwenye mizani

Miaka ya 1950 Usukuma ilishika pesa. Pamba ilikuwa inalipa, na wakulima walikuwa wamechoka kuibiwa kwenye mizani. Malalamiko dhidi ya wanunuzi ndiyo yaliyowakusanya katika vyama vyao wenyewe, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiwa na Paul Bomani kama mmoja wa viongozi wake wakuu. Ndani ya miaka michache lilikuwa moja ya mashirika makubwa kabisa ya Waafrika katika biashara ya mazao.

Ushirika ulihitaji watu: makarani wa mizani, watunza daftari, waweka hazina. Hizi zilikuwa kazi ambazo mwombaji hakusailiwa na mgeni. Alisailiwa na wakulima, watu wa kwao, waliokuja na magunia yao na macho makali. Na hapo vazi likageuka maana. Kijana aliyekuja amependeza kupita kiasi, tai ya hariri na saa ya kung'aa, aliwatia wasiwasi: hela hiyo ameitoa wapi? Aliyekuja mchafu naye aliwatia wasiwasi: asiyejitunza atatunza daftari letu? Walichotaka ni shati safi la kawaida. Safi, siyo ghali.

Hiyo ni kanuni ya pili, na ina akili nyingi. Kazi ya kushika mali za watu ina vazi lake, na vazi hilo halipigi kelele.

Tena kuna kejeli hapa ambayo wengi wanaipita. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kimezalisha mbegu za pamba zinazoitwa UK. Watu hudhani ni Uingereza. Hapana, ni Ukiriguru. Pamba ile ilichambuliwa hapa, sehemu kubwa ikasafirishwa ikiwa malighafi, na kurudi ikiwa shati lenye lebo ya nchi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mwanza ikapata kiwanda chake cha nguo, Mwatex, na kwa muda kukawa na uwezekano wa kijana kwenda kuomba kazi amevaa kitambaa kilichotoka kwenye shamba la baba yake. Hata hivyo kiwanda hicho, kama vingine vingi vya nguo nchini, baadaye kiliyumba kisha kikabinafsishwa.

Chunlai, suti ya Kaunda na vita ya vimini

Uhuru ulileta swali jipya: mtumishi wa taifa huru avae kama nani? Suti na tai ilikuwa ya mkoloni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kuvaa kama bepari kulikuwa na hatari yake. Jibu likaja kutoka sehemu mbili. China ilileta suti ya kola ya kusimama, ile ambayo watu waliiita Chunlai kwa jina la Waziri Mkuu Zhou Enlai aliyeitembelea Tanzania mwaka 1965. Mwalimu Nyerere mwenyewe alionekana mara nyingi amevaa mtindo wa aina hiyo. Kutoka kusini ikaja suti ya Kaunda, kwa jina la Rais wa Zambia: koti jepesi, mara nyingi la mikono mifupi, halihitaji tai, halihitaji shati ndani. Kwa mwalimu wa Sengerema au mhasibu wa Magu ilikuwa mkombozi. Kitambaa kimoja, fundi mmoja, na kijana yuko tayari kuonana na bosi.

Wanaume wakawa wamepata njia. Wanawake je?

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969, vimini, wigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vilipigwa marufuku kwa hoja kwamba vinaua utamaduni wa taifa. Jijini Dar es Salaam, hata kabla tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake kwenye vituo vya mabasi Kariakoo, na polisi wakalazimika kuingilia kati. Magazeti ya wakati huo yalijaa barua za wasomaji, wengine wakishangilia, wengine, wakiwemo wanawake, wakiuliza kwa nini utamaduni wa taifa ulindwe kwenye mapaja ya mabinti tu.

Waliolengwa zaidi na maneno yale walikuwa ni kina nani? Wanawake wa ofisini. Makatibu muhtasi, wapiga chapa, wapokea simu, kizazi cha kwanza cha mabinti wa Kitanzania kupata mshahara wao wenyewe kwa wingi mijini. Uvumi ulikuwa kwamba aliyevaa kimini amepata kazi kwa sababu ya kimini. Hakuna aliyeuliza kasi yake ya kupiga chapa. Binti aliyekwenda kuomba kazi alitakiwa kufanya hesabu ambayo kaka yake hakuwahi kuifanya: akivaa ya zamani ataonekana mshamba asiyejua mashine, akivaa ya kisasa ataonekana anajiuza.

Hesabu hiyo bado ipo. Hadi leo dada anayekwenda usaili hupokea ushauri mara tatu ya kaka, na ushauri mwingi hauhusu kazi bali macho ya watakaomsaili. Ukweli wa kisheria ni kwamba kosa liko upande wa pili: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamfanya mhalifu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira. Urefu wa sketi haumo kwenye kifungu hicho.

Foleni, na marehemu wa Ulaya

Mwisho wa miaka ya 1970 mambo yalikaza. Vita ya Uganda ilikwisha mwaka 1979 ikiacha hazina tupu, mafuta yalipanda bei, viwanda vikakosa vipuri. Mapema miaka ya 1980 kanga ilikuwa ya kupanga foleni, sabuni ya kupanga foleni, kitambaa cha suruali ni cha mwenye bahati au mwenye kujuana. Hebu fikiria kuitwa kwenye usaili mwaka 1982. Siyo kwamba hela huna. Hela unaweza kuwa nayo, nguo ndiyo haipo.

Wakati huo ndipo koti la kuazima lilipopata heshima yake. Koti moja la mjomba anayefanya kazi bandarini liliweza kuingia kwenye vyumba vya usaili mara nyingi, kila mara kwa mabega tofauti. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako. Kanda ya Ziwa ya miaka ile iliwapinga wahenga kwa vitendo.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezitoa wapi. Mafuriko ya nguo za mitumba yakafuata. Jina la utani likatoka haraka: kafa Ulaya, yaani mwenyewe keshakufa huko Ulaya, wewe vaa tu. Waliocheka nao walikwenda kununua. Na neno la kale likarudi nyumbani. Robota la nguo kutoka ng'ambo, lililofungwa kwa kamba na kubebwa begani, likaitwa tena mtumba.

Tofauti ni moja, na ndiyo kubwa. Mtumba wa 1875 ulikuwa unamlipa mfanyakazi. Mtumba wa leo mfanyakazi anaulipia.

Getini hakuna tai

Miaka ya 1990 Mwanza ikapata kazi za aina nyingine kabisa. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miongo michache kabla, alikuwa anaiva kwa biashara, na viwanda vya kuchakata minofu vikaota kando ya maji. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa mwishoni mwa miaka hiyo kwa sababu za usalama wa chakula, masharti ya usafi yakapanda. Ndani ya kiwanda kila mtu ni koti jeupe, kofia ya kufunika nywele na buti za mpira. Kiwanda kinakupa vazi, na vazi linakufanya ufanane na wenzako wote.

Lakini kabla ya kufika ndani kuna geti. Vibarua husimama getini alfajiri, msimamizi anatoka, ananyoosha kidole. Hapo suti haisaidii kitu, inaharibu. Aliyevaa tai anaonekana hataweza kusimama saa nane kwenye barafu. Anayechaguliwa ni mwenye nguo za kazi zilizofuliwa, kucha fupi, anayeonekana amelala vizuri. Mabega na miguu, kama enzi za wapagazi. Migodi mikubwa ya dhahabu ilipoanza Geita na Bulyanhulu karibu na mwaka 2000, habari ilikuwa hiyohiyo kwa mafundi: kofia ngumu na buti ndivyo vilivyokuja kuwa alama ya mwenye kazi, na kijana wa Katoro akipita mtaani na buti za mgodini alikuwa na heshima kuliko mwenye suti.

Kanuni ya tatu basi: hakuna vazi la usaili. Kuna vazi la usaili wa kazi fulani, kwenye mlango fulani.

Mchoro ukutani

Mwaka 2007 serikali ilitoa waraka kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Kila aliyewahi kwenda ofisi za halmashauri anaijua ile michoro iliyobandikwa mlangoni: kimini kimepigwa mstari, nguo inayoonyesha maungo imepigwa mstari, kata K imepigwa mstari. Maagizo hayo ni ya mtumishi, lakini mwombaji kazi mwenye akili anayasoma kama mwongozo wake, maana wanaomsaili wanaishi chini yake kila siku.

Na waombaji ni wengi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili wa nafasi 70. Walijaa zaidi ya 10,000, ikabidi usaili ufanyike Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Picha zilisambaa: majukwaa yamejaa vijana wenye mashati meupe na bahasha za kaki juani. Kila shati pale lilinunuliwa, lilikopwa au liliazimwa na mtu aliyeamini huenda akawa mmoja wa 70.

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma huwa yanawakumbusha wasailiwa kwamba chakula, usafiri na malazi ni juu yao wenyewe. Nguo haitajwi. Haihitaji kutajwa. Kijana wa Ukerewe anayeitwa Dodoma analipa kivuko, basi, gesti na chakula, halafu ndipo anaanza kufikiria suruali. Hiyo ndiyo sababu maelfu wanapitia Mlango Mmoja. Pale suruali ya kadeti iliyovaliwa Ujerumani inapatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani, na hatua chache pembeni kuna fundi wa kuipunguza kiuno ukisubiri.

Wanasiasa wanaijua nguvu ya mitumba hiyo. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipumue. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Hoja ya viwanda ni ya kweli, hasa kwa mkoa uliowahi kuwa na Mwatex inayounguruma. Ila mhitimu mwenye usaili Jumatatu hawezi kusubiri kiwanda kifufuke.

Wala mambo hayajatulia juu kabisa. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, wakati Rais wa nchi hiyo mwenyewe alikuwa amezirudisha kwenye fasheni. Vazi lililobuniwa kumkimbia mkoloni likaambiwa siyo rasmi, na rasmi ikabaki kuwa koti na tai. Ukiona hivyo unaelewa kwamba "rasmi" siyo neno la fundi cherehani. Ni neno la aliyeshika mlango.

Historia inamwambia nini anayeitwa Jumatatu?

Kwanza, apeleleze mlango. Mpagazi, karani wa mizani na kibarua wa minofu walivaa tofauti kwa sababu waliosimama mlangoni walikuwa tofauti. Njia rahisi ni kupita karibu na ofisi husika siku moja kabla, asubuhi au jioni, na kuangalia wanaoingia. Avae kama wao siku waliyopendeza. Kama ni benki, koti. Kama ni shirika linalofanya kazi vijijini, shati safi na kadeti vinatosha, na suti nzito inaweza kumfanya aonekane hataki kushika vumbi.

Pili, hela iende kwa fundi kabla ya kwenda kwenye lebo. Shati la mtumba lililopunguzwa likakaa mabegani linaishinda suti mpya inayoning'inia. Ukosi usio na mafuta, vifungo vyote viwepo, viatu vimepigwa rangi hadi kisigino. Wasukuma wa kwenye mizani walitazama usafi, na wasaili wa leo nao ni binadamu walewale.

Tatu, kuazima siyo aibu. Koti la mjomba lilijenga familia nyingi za mji huu. Mabinti wa Nyegezi wanaopeana blauzi na simpo kwa zamu msimu wa usaili hawafanyi jambo la kinyonge, wanaendesha ushirika, na Mwanza ni mji wa ushirika. La kuangalia ni nguo ijaribiwe mapema, akiwa amekaa na akiwa amesimama, siyo asubuhi ya siku yenyewe.

Nne, imani ya mtu siyo doa kwenye vazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini na jinsia, na inamlinda hata yule ambaye bado anaomba kazi. Hijabu iliyonyooshwa vizuri ni vazi la usaili.

Tano, na hili ni kwa walioko ndani, upande wa pili wa meza. Mtu aliyekaa mbele yao na shati lililopauka kidogo huenda amelipa nauli ya siku mbili, amelala gesti ya kelele na hajanywa chai. Wakati wa misafara, bosi alitoa doti kabla hajaona mtu akitembea hatua moja. Hakuna anayedai hilo lirudi. Lakini msaili anayekumbuka nani amelipia nguo iliyo mbele yake atachelewa kidogo kuihukumu, na atawahi kuuliza swali kuhusu kazi.